Handeni Ipi?

Likizo iliyopita nilikuwa Korogwe, kwenye steshenari ya mjomba, nawajazia watu fomu za mtandaoni. Ilikuwa msimu wa maombi ya chuo, foleni inaanzia mlangoni. Siku hiyo aliingia mama na binti yake aliyemaliza kidato cha sita, wametoka Sindeni, Handeni. Tukaenda vizuri mpaka kwenye kisanduku cha halmashauri. Kukibofya tu, ikashuka orodha ya halmashauri zote 184 za Tanzania Bara. Handeni ziko mbili: DC na TC.

"Mama, ninyi ni Handeni ipi?"

"Kwani Handeni si moja, mwanangu?"

Nyuma watu wanaguna. Nikachagua TC, yaani Mji, nikatuma.

Wiki mbili baadaye mama akarudi peke yake. Maombi yamekataliwa: barua ya mtendaji ina muhuri wa Halmashauri ya Wilaya. Kosa langu, nauli yake. Hakunigombeza, na hilo ndilo liliniuma. Fomu yenyewe haikuruhusu kurekebisha kisanduku kimoja, tukaanza moja.

Sisi wa ualimu tunafundishwa kutunga maswali ya kuchagua. Majibu yasiyo sahihi tunayaita vipotoshi, na kipotoshi kizuri ni kile kinachofanana na jibu. Kwenye mtihani sawa, tunapima. Ila yule mama hakuja kupimwa. Kata yake anaijua hata umwamshe usiku. Basi aulizwe kata, mfumo ujue wenyewe kwamba Sindeni iko DC na Chanika iko Mji. Au aanze na mkoa: ukichagua Tanga, zinabaki halmashauri 11 tu, hata kwenye simu kidole hakitelezi sana. (Wenzetu wa Kilindi ndio usiseme. Wilaya yao ilimegwa kutoka Handeni mwaka 2002, na vyeti vya kuzaliwa vya wakubwa bado vinasema Handeni.)

Tulimaliza jioni, zimebaki siku mbili dirisha lifungwe. Safari hii yakapokelewa.

Kesho yake nikabandika karatasi juu ya kompyuta: kata za Handeni Mji kushoto, za Wilaya kulia, chini yake Korogwe, maana nako ni mbili. Sasa kabla sijagusa kipanya nauliza, "Mnakaa kata gani?" Mjomba analalamika kwamba nimemchafulia ukuta, lakini juzi nilimkuta anaisoma.