Ndakaini: Uzuri wa Bwawa na Haki ya Jirani

Wengi wetu tunalijua bwawa la Ndakaini kwa uzuri wake kuliko kwa kazi yake. Liko Gatanga, Kaunti ya Murang'a, kati ya vilima vya majani chai vinavyoteremka kutoka milima ya Nyandarua. Watu huenda huko kupunga upepo, kupiga picha na kula pamoja na jamaa zao. Mbio za nusu marathoni zilizoanzishwa 2004 kuchangia hifadhi ya mazingira zimelipa bwawa hilo sifa zaidi.

Sina ugomvi na burudani hiyo. Mimi mwenyewe hupapenda. Ninalouliza ni hili: mgeni anapofurahia mandhari yale, je, anajua anatazama nini?

Anatazama uhai wa Nairobi. Bwawa lilikamilika 1994, nalo hubeba takriban mita za ujazo milioni 70. Maji ya mito ya Thika, Githika na Kayuyu hukusanywa hapo, yakaelekezwa kwenye mtambo wa kusafishia wa Ng'ethu, kisha yakateremshwa hadi mjini. Kina kiliposhuka mwaka 2017, jiji zima liliingia katika mgao wa maji. Nyumbani kwangu tulijifunza kuhesabu ndoo.

Mwanafunzi wangu mmoja, mzaliwa wa huko, alisikiliza malalamiko yetu ya wakati ule kwa utulivu, kisha akasema: "Mwalimu, mama yangu huchota mtoni, na bwawa analiona kutoka mlangoni." Darasa lilinyamaza. Kumbe mgao kwetu ulikuwa dharura. Kwao ulikuwa desturi.

Mwangi wa Iria, alipokuwa gavana wa Murang'a, alidai kaunti yake ipewe asilimia 25 ya mapato ya maji yanayokwenda Nairobi. Wapo waliomjibu kwamba mito ni mali ya Wakenya wote. Ni kweli. Lakini Kifungu cha 43 cha Katiba kinampa kila mtu haki ya maji safi na salama ya kutosha, na kile cha 69 kinaitaka Dola ihakikishe kwamba manufaa ya maliasili yanagawanywa kwa usawa. Mali ya wote haiwezi kuwa gharama ya wachache: wale waliotoa ardhi ikafunikwa na maji, na wanaoombwa kila siku kuitunza miti ya chanzo.

Kwa watumishi wa umma wanaosoma hapa, nasema hivi: kabla ya kupanga hoteli na mashua za watalii, pangeni mabomba ya vijiji vinavyolizunguka bwawa. Asilimia ijadiliwe, bomba lisisubiri mjadala. Jirani anayekunywa maji ya bwawa atalilinda bila kuhimizwa. Asiyekunywa, tutamwambia alilinde kwa ajili ya nani?