Mvulana Aliyekuwa Akizama: Njeo Isotimilifu ya Kifaransa Mikononi mwa Mfasiri wa Kiswahili

Katika zoezi moja la tafsiri walilopewa wanafunzi wa shahada ya kwanza, palikuwa na sentensi nne fupi za Kifaransa. Ya kwanza ilisema: Le garçon se noyait. Ya pili: Un pêcheur entendit ses cris. Ya tatu: Il le tira de l'eau. Na ya mwisho: Le soir, le garçon riait. Mwanafunzi mmoja, mwenye bidii na mwandiko safi, aliwasilisha tafsiri ifuatayo: 'Mvulana alikufa maji. Mvuvi mmoja akasikia mayowe yake. Akamtoa majini. Jioni mvulana alicheka.' Darasa liliangua kicheko, na mwenyewe, baada ya kusita kidogo, akacheka pia. Marehemu alikuwa amepiga mayowe, akaopolewa, na kabla ya usiku kuingia akafurahi pamoja na wenzake.

Alipotakiwa kujieleza, alijibu kwa haki kabisa kwamba kamusi inafasiri se noyer kuwa ni kufa maji, na kwamba kitabu chake cha sarufi kinasema njeo hiyo ni ya wakati uliopita. Yote mawili ni kweli. Jambo ambalo kitabu hakikulitilia mkazo ni jina la njeo yenyewe. Wafaransa huiita imparfait, jina lililorithiwa kutoka sarufi ya Kilatini, na maana yake si kwamba ina kasoro bali kwamba haikutimilizwa: tendo linaonyeshwa likiwa katikati, mwisho wake ukiwa haujaonekana. Aliyekuwa akizama huenda akafa, huenda akaokolewa. Kitenzi kinakataa kusema.

Uundaji wa njeo hii ni mwepesi kuliko matumizi yake, na pengine wepesi huo ndio unaowapumbaza wanaojifunza. Huchukuliwa umbo la nafsi ya kwanza wingi katika wakati uliopo, hukatwa kiishio -ons, kisha hupachikwa viishio -ais, -ais, -ait, -ions, -iez, -aient. Kutokana na nous buvons (tunanywa) hupatikana je buvais. Kutokana na nous finissons (tunamaliza) hupatikana je finissais. Kutokana na nous prenons (tunachukua), je prenais. Hata vitenzi vinavyowatesa wanafunzi katika njeo nyinginezo hutulia hapa. Kinachoasi ni kimoja tu, être (kuwa), ambacho nafsi yake ya kwanza wingi, nous sommes, haina -ons ya kukatwa; hicho hutumia shina ét-: j'étais. Vile visivyo na nafsi ya kwanza kabisa, kama falloir (kulazimu) na pleuvoir (kunyesha), huwa na umbo moja pekee, il fallait na il pleuvait. Yapo pia mambo ya tahajia: manger hubakiza e mbele ya a ili sauti isigeuke (je mangeais, lakini nous mangions), na commencer huvaa alama chini ya c kwa sababu hiyo hiyo (je commençais, lakini nous commencions).

Mahali panapostahili kutazamwa zaidi ni pale ambapo maandishi na sauti vinaachana. Viishio -ais, -ait na -aient hutamkwa namna moja. Kwa sikio, basi, nafsi nne kati ya sita hazitofautiani katika kitenzi, na kazi yote ya kuzibainisha huachiwa kiwakilishi kinachotangulia. Mzungumzaji wa Kiswahili, ambaye nafsi huitamka ndani ya kitenzi chenyewe, hushangazwa na lugha inayoandika kwa uangalifu tofauti isiyosikika. Kwa upande mwingine, nous étudions (tunasoma) na nous étudiions (tulikuwa tukisoma) hutenganishwa na herufi i moja, ambayo katika usemi wa haraka humponyoka hata Mfaransa.

Tahajia yenyewe haikuwa hivi siku zote. Kwa karne kadhaa viishio hivi viliandikwa kwa oi: j'avois, il étoit. Matamshi yalikuwa yamekwisha kubadilika zamani, lakini kalamu iliendelea kuheshimu wafu. Voltaire, aliyefariki mwaka 1778, alikuwa miongoni mwa waliopigania ai, na Akademia ya Ufaransa haikuikubali katika kamusi yake hadi toleo la sita, mwaka 1835. Masalio ya mgogoro huo yamo katika jina la mtu, François, na jina la lugha, français, ambayo asili yake ni neno moja.

Baada ya tukio la mvulana, mwanafunzi yule alijitungia kanuni: njeo isotimilifu kamwe isifasiriwe kwa -li- peke yake, bali daima kwa alikuwa pamoja na -ki- au -na-. Kanuni hiyo ilimfaa wiki mbili. Kwa hakika inaafikiana na mfumo wa masimulizi wa lugha zote mbili. Harald Weinrich, katika kitabu chake Tempus cha mwaka 1964, alieleza kuwa katika masimulizi ya Kifaransa njeo pita sahili husukuma matukio mbele ya jukwaa, ilhali njeo isotimilifu huchora mandhari nyuma yake. Msimulizi wa Kiswahili anaifahamu kazi hiyo bila kufundishwa: akaingia, akaketi, akaagiza chai ni ngazi za hadithi, mvua ilikuwa ikinyesha ni ukuta unaoegemewa na ngazi hizo. Entendit na tira za mvuvi zilipata -ka- zao bila taabu.

Kisha likaja zoezi la pili, lililotokana na maandishi ya historia: En 1885, Victor Hugo mourait à Paris. Kwa kuitii kanuni yake, mwanafunzi aliandika: 'Mwaka 1885 Victor Hugo alikuwa akifa mjini Paris.' Safari hii hakuna aliyecheka mara moja, kwa kuwa sentensi ilikuwa sahihi kisarufi. Ila mtunzi yule alifanywa akate roho mwaka mzima, ilhali alifariki tarehe 22 Mei. Waandishi wa Kifaransa wanayo desturi ya kuitumia njeo isotimilifu kwa tukio lililokwisha na lenye tarehe yake, ili kulirefusha machoni pa msomaji. Hapo -li- ndiyo stahiki: alifariki. Umbo lililomuua mvulana kwa makosa ndilo linalotakiwa kumzika Hugo.

Matumizi mengine huthibitisha kuwa 'wakati uliopita' ni sehemu tu ya habari. Katika si j'avais de l'argent, njeo hii haizungumzii jana. Ni sharti lisilo halisi, na Kiswahili hulijibu kwa -nge-: ningekuwa na fedha. Katika je voulais vous demander, mtu anayesimama mlangoni anataka sasa hivi, lakini ombi lake amelirudisha nyuma ili lisimgonge mwenye ofisi. Hapa lugha mbili zisizo na undugu zinakutana kwa namna ya kufurahisha, kwani Mswahili naye husema nilikuwa naomba hali ombi lingali mdomoni. Watoto wa Kifaransa wanapogawana nafasi katika mchezo husema moi, j'étais le docteur. Wenzao wa Kiswahili husema tujifanye mimi ni daktari.

Isidhaniwe kuwa haya ni mambo ya darasani tu. Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo ilijiunga na Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2022, na mikataba, malalamiko na maelezo ya mashahidi yaliyoandikwa kwa Kifaransa yana kila sababu ya kutafutiwa Kiswahili. Il payait le loyer ina maana kwamba mtu huyo alikuwa na kawaida ya kulipa kodi ya nyumba. Haisemi kwamba hadaiwi. Mfasiri akiandika 'alilipa kodi ya nyumba', amemfutia mtu deni kwa kiambishi kimoja.

Mahakama yenyewe imewahi kunaswa na njeo hii. Mwanzoni mwa mwaka 1857 Gustave Flaubert alishtakiwa mjini Paris kwa ajili ya Madame Bovary, akidaiwa kukashifu maadili na dini. Mwendesha mashtaka, Ernest Pinard, alilalamikia hasa sehemu ambamo Emma, baada ya kumsaliti mumewe, anajiona mpya na mwenye heri; kwake yeye huko kulikuwa kuutukuza uzinzi. Hans Robert Jauss, katika mhadhara wake wa mwaka 1967, alikumbusha kwamba mawazo yale yalikuwa ya Emma, si ya mwandishi. Flaubert alikuwa ameyaweka katika njeo isotimilifu pasipo 'alifikiri kwamba', na kitenzi kikabeba fikra ya mhusika bila kumtaja mwenyewe. Tarehe 7 Februari Flaubert aliachiwa. Mfasiri wa Kiswahili anayeitia sehemu kama hiyo maneno aliwaza moyoni kwamba humrahisishia msomaji kazi, lakini pia hujibu kwa niaba ya Flaubert swali ambalo yeye aliliacha wazi hata mbele ya hakimu. Kurudia alikuwa katika kila kitenzi nako huichosha aya. Njia ya tatu, ambayo haitumiwi vya kutosha, ni kuweka alikuwa mara moja mwanzoni kisha kuiacha -ki- ienende peke yake: akitazama, akisubiri, akijiona.

Mwanafunzi yule alirudishiwa sentensi zake nne mwishoni mwa muhula. Mwenzake aliyekaa dawati la nyuma alimkumbusha kwamba mfa maji haachi kutapatapa: katika methali hiyo anayeitwa mfa maji bado yu hai, la sivyo asingetapatapa. Nomino ya Kiswahili, kwa hiyo, ilikwisha kulielewa tendo kabla ya mwisho wake, jambo ambalo alikufa maji haliruhusu. Mwanafunzi alifikiria kulitumia neno hilo, akaona litaigeuza sentensi kuwa nahau, akakibadilisha kitenzi chenyewe: 'Mvulana alikuwa akizama.' Ya pili na ya tatu aliziacha. Kwa ya nne aliandika, 'Jioni, mvulana alikuwa akicheka,' na pembeni akauliza kwa penseli kama alicheka jioni nzima au alikutwa tu akicheka. Mwalimu aliandika chini ya swali hilo kwamba Kifaransa hakisemi, akatoa alama zote.