Bata Niliyesema Nimemkosa

Nimelibeba jambo hili misimu mitatu, leo nalitua. Asubuhi moja ya Desemba, katika msitu wa mialoni uliofurika maji karibu na Stuttgart, Arkansas, nilimpiga bata dume mwenye kichwa cha kijani. Mguu mmoja ulining'inia, akashuka taratibu, akavuka miti na kuangukia ng'ambo. Wenzangu walikuwa wakitazama kwingine. Waliponiuliza, nikajibu: "Nimemkosa."

Sikwenda kumtafuta. Maji yalifika mapajani, baridi ilikuwa kali, na bata wengine walikuwa wakizunguka juu yetu. Sheria ya Marekani inamtaka mwindaji ajitahidi kumwokota ndege aliyempiga. Hata kama isingekuwapo, mimi nimelelewa Tanga, ambako kisu hunolewa kwanza ndipo kuku aletwe, asije akateseka. Nilijua nilichokuwa nakifanya.

Kosa lenyewe lilianza zamani. Msimu mzima nilikuwa nikikosa shabaha, na kila nilipokosa niliilaumu bunduki, kisha nikayalaumu marisau ya chuma tunayotumia tangu yale ya madini ya risasi yapigwe marufuku kwa ndege wa majini nchi nzima mwaka 1991. Mbaazi ukikosa maua husingizia jua.

Ukweli ni kwamba macho yangu yalikuwa kwenye ncha ya mtutu, si kwenye kichwa cha bata. Tena kila nilipofyatua, nilisimamisha mtutu. Bata arukaye kilomita 80 kwa saa hukata mita 22 kila sekunde. Marisau huhitaji karibu sehemu ya kumi ya sekunde kufika mita 30, na kwa muda huo bata amesogea mita 2 hivi. Mtutu ukisimama, marisau hupita nyuma ya mkia.

Kubwa zaidi, nilifyatua katikati ya kundi lililokuwa mbali. Mlenga jiwe kundini hajui limpataye. Kwenye mita 50 marisau yangu yalikuwa yametawanyika na kupungua nguvu. Mawili matatu yakimfikia ndege, humjeruhi bila kumuua. Dume yule alikuwa umbali huo.

Kiangazi kilichofuata nilimweleza yote mzee aliyenialika kuwinda. Hakunigombeza. Alinipeleka kwenye uwanja wa kulenga visahani vya udongo, akanirudisha mwanzo: shavu liguse kitako palepale kila mara, chagua kimoja tu, anzia nyuma yake, kifuate, kipite, fyatua huku mtutu bado unakwenda. Kisha akasimika kijiti hatua zinazokaribia mita 30 kutoka tuliposimama. "Ng'ambo ya hapa," akasema, "si ndege wako."

Sasa kunapopambazuka huchagua mti mmoja uwe mpaka wangu. Bata akipita ng'ambo yake, siinui bunduki, hata kama nitarudi nyumbani mikono mitupu. Na nikimwangusha mmoja, humfuata majini kabla sijatazama tena juu.

Shabaha yangu imekuwa nzuri zaidi, lakini haifuti neno nililolisema asubuhi ile. Dume yule sikumkosa. Nilimpiga, nikamwacha.