Mume Aliyerudi Vitani na Gemu Lake



Leo tunasema na wale wanaoolewa na wanajeshi. Sisi tuliotangulia, masomo zetu walitufunda kupika, kujifukiza udi na kumpokea mume akirudi safari. Safari ya vita hawakutufunda.

Waume zetu hupelekwa Kongo kulinda amani, na wapo wasiorudi. Tarehe 7 Desemba 2017 kambi ya Semuliki, Kivu Kaskazini, ilishambuliwa, na walinda amani wetu wasiopungua 14 wakauawa. Anayerudi hurudi na viungo vyake vyote, tukashukuru, tukasoma maulidi. Kisha usiku unaanza. Anashtuka usingizini. Mlango ukipigwa na upepo, anaruka. Saa nane ya usiku unamkuta sebuleni, kashika padi, macho kwenye televisheni, anacheza gemu.

Shoga zetu wengi husema hapo wamepata mke mwenza. Kabla hujanuna, lijue hili.

Mwaka 2009 watafiti wa Oxford, Uingereza, waliwaonesha watu filamu ya matukio ya kutisha, kisha baadhi yao wakacheza Tetris, ule mchezo wa kupanga vitofali. Wiki iliyofuata, waliocheza walijiwa na picha za filamu ile mara chache kuliko wenzao. Mchezo ule hushughulisha sehemu ya akili inayoshika picha, basi picha mbaya hukosa pa kukaa. Hao hawakuwa askari, lakini mke wa askari anaelewa mara moja.

Huko Marekani, ambako askari wastaafu ni wengi, utafiti uliotoka mwaka 2018 uliwahoji 20 kati yao. Walieleza kuwa gemu huwaondolea mawazo, huwapa wenzao wa kuzungumza nao, na huwarudishia hisia ya kuwa na kazi ya maana. Fikiri: mtu aliyeishi na kikosi, huyu anamlinda yule, leo yuko peke yake kwenye kochi. Akivaa spika za masikioni akacheza na wenzake, anapata kikosi tena kwa saa mbili.

Basi gemu ni kivuli cha mti. Msafiri hupumzika hapo, lakini hajengi nyumba hapo. Mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani liliuingiza uraibu wa gemu katika orodha ya maradhi. Dalili zake ni mtu kushindwa kujizuia, gemu kutangulia mambo mengine yote, na kuendelea nalo japo linamharibia maisha, kwa kawaida kwa muda wa mwaka mzima. Kwetu utaiona mapema: sala zinampita, kazini haendi, mtoto anamwita baba haitikiwi.

Tunalokuusia, bibi harusi: usichomoe waya. Kaa ubavuni pake, muulize anacheza na nani, na akimaliza moyo wake uko vipi. Ukiona milio ya bunduki inamzidishia jasho na hasira, mshawishi aende kwenye mpira au vitofali. Kubalianeni muda, baada ya Isha hadi saa fulani, kisha kitandani.

Na siri ya nyumba ina mpaka wake. Tumefundwa kusitiri, lakini mume anayesema bora angekufa na wenzake hasitiriwi kwa kunyamaziwa. Mpeleke kwa daktari siku hiyo hiyo. Watu wamezoea kulitaja jina la Kidongo Chekundu kwa kejeli. Sisi tunasema hospitali ni hospitali, na kidonda cha moyo nacho kinauguzwa.

Mwenyezi Mungu awape usingizi waume zetu, na atupe sisi subira yenye macho. Amin.