Ilimba ya Babu Ilinikuta Dar

Mwenzangu, zamani nilikuwa mshamba wa kujifanya mjanja. Kule Bahi, babu akishika ilimba jioni, mimi nilijifungia ndani na kaseti za rapu. Eti kelele za wazee! Mwishoni mwa 2003, nikiwa Dar, redio ikatangaza kifo cha Hukwe Zawose, ikapiga tungo zake. Nikaganda. Mlio uleule! Mgogo huyu aliitwa Dar na Mwalimu Nyerere, akafundisha Chuo cha Sanaa Bagamoyo, akapanda majukwaa ya Ulaya. Albamu yake "Chibite" ilitoka Uingereza 1996. Wazungu walilipa kiingilio, mimi nikafunga mlango! Basi, nikarudi Bahi.

"Mbukwa, babu. Nipigie ilimba."

Akanionyesha vidole, vimekufa ganzi.

"Kajifungie ndani," akasema.