Nilisahau POP

Mara ya kwanza nilipata 34. Pasi ni 40. Somo lenyewe ni Mpangilio wa Kompyuta na Lugha ya Asembli, mwaka wa pili, saa mbili asubuhi, na projekta ilikuwa inazima kila tukifika penye kuna uzito.

Nyumbani sikusema. Mama hushona yunifomu za shule Kawangware, tena ndiye mweka hazina wa chama chao, mtu wa daftari na kalamu nyekundu. Mwezi wa pili alinitumia pesa ya nyumba, nikailipia kurudia somo. Keteka nikampikia stori.

“Shule iko aje, mami?”

“Iko poa, Mama.”

Kama hujawahi kukutana na asembli, hivi ndivyo ilivyo. Kwa Python unaandika sum, unaenda kunywa chai. Huku tulifunzwa kwa Intel 8086, chipu ya mwaka 1978, kupitia programu inayoiiga kwenye laptopu. Una rejista chache tu, AX, BX, CX, DX na ndugu zao, kila moja biti 16. Kila kitu unakipitisha hapo, kidogo kidogo, kama mtu anayehamisha nyumba kwa mkokoteni mmoja. Ukiwa na 32767 na uongeze 1, ukizihesabu kama namba zenye alama, unapata −32768. Mashine haishtuki. Inainua kibendera kimoja, na usipokiangalia ni shauri yako. Mimi mara ya kwanza nilikuwa nakariri tu, sikuangalia kibendera chochote.

Sasa steki. Waza sahani za kibandani zilizopandana: ya mwisho kuwekwa ndiyo ya kwanza kutoka. PUSH inaweka, POP inatoa. Ukiita programu ndogo kwa CALL, chipu inaweka hapo juu anwani ya kurudi. RET ikifika, inachukua sahani iliyo juu na kwenda inakoambiwa. Haiulizi kama ni sahani sahihi.

Zoezi la marudio lilikuwa kujumlisha namba kumi kwa programu ndogo. Yangu ilijumlisha vizuri kabisa, halafu ikapotea. Saa nane usiku, mwenzangu anakoroma, mimi nabonyeza amri moja moja nikitazama rejista zikibadilika. BX ya programu kuu ilikuwa imeshika 5, idadi ya mizunguko iliyobaki. Ndani ya programu ndogo nilitaka kuitumia BX, nikaihifadhi kwa PUSH, kama tulivyofunzwa: rejista ya watu ukiiazima, irudishe ilivyokuwa. Nikajumlisha. Kisha RET. Hakuna POP. Ile 5 ilikuwa bado juu ya steki, kwa hivyo chipu ikairukia anwani namba 5, mahali sijawahi kuandika kitu, ikaanza kutekeleza takataka kwa heshima zote.

Nilicheka peke yangu. Kisha sikucheka tena. Nilikuwa nimekaa miezi miwili nikisema “iko poa” na kila simu ya Mama ilikuwa inatua mahali pengine, kwa keteka, kwa mtihani, kwa ile 34.

Niliongeza POP BX juu ya RET. Mstari mmoja. Jumla ikatoka, programu ikarudi ilikotoka.

Saa kumi na mbili unusu, kabla hajafungua kibanda, nikampigia. Nikasema yote haraka, maana ningepumua ningenyamaza. Alikaa kimya mpaka nikaangalia kama simu imekatika.

“Kwa hivyo ile ya Februari haikuwa ya nyumba.”

“Hapana, Mama.”

Nikasikia droo, kisha karatasi zikifunuliwa.

“Haya. Sema pole pole. Shule ilikuwa ngapi, na keteka anadai ngapi?”