Star alikuja na mchele, kuberi ilikuwa getini

Wadau, hii nimeikalia muda mrefu. Majina sitaji, wala mji, maana Pemba ukisema tu "pale karibu na msikiti" mtu keshajua. Nilikuwa mlezi wa usiku kwenye nyumba moja ya kulelea watoto.

Star mmoja wa Bongo Fleva, mnamjua wote, alikuja kutembelea. Mchele, mafuta, mipira, picha kibao. Akawaasa vijana wasiguse dawa za kulevya, makofi yakapigwa. Usiku bwenini wakawa wanamuigiza na kucheka hadi machozi, kwa sababu video zake zilizojaa moshi wameziona zote. Na kwa sababu muda wote anaongea, kuberi ilikuwa chini ya godoro.

Kwa asiyeijua, kuberi ni tumbaku ya kwenye pakiti ndogo, unaibana kati ya mdomo na fizi. Haina moshi. Bangi utainusa tangu mlangoni, lakini mwenye kuberi anakuamkia kwa adabu zote na wewe hujui kitu. Pesa nayo si tatizo: msimu wa karafuu watoto wanaokota mpeta, wanarudi na vijisenti.

Siku kijana wa miaka 14 alipokamatwa nazo, kamati ilikuwa na dawa mbili tu: fimbo, halafu arudishwe kwa ami yake. Huyo ami anakaa dikoni, na kiukweli hapo dikoni kuberi ndiyo kitu chepesi kuliko vyote vinavyouzwa. Mwaka wa nyuma walishamtoa mwingine kwa kosa hilohilo. Sasa hivi anabeba mizigo bandarini, na sigara aliziacha zamani, yuko kwenye unga.

Mjumbe mmoja akasema basi apelekwe soba. Jamani! Soba za Zanzibar zilianza 2009 kwa ajili ya watu wazima waliopigika na heroini. Unamlaza mtoto wa kuberi na mtu aliyejidunga miaka kumi, atajifunza nini? Na methadoni inayotolewa Kidongo Chekundu kule Unguja tangu 2015 ni ya heroini. Tumbaku haihusiki.

Aliyeokoa jahazi ni bibi wa jikoni. Hana cheo, hata kikaoni aliingia kuleta chai. "Mwenyekiti, huyu tukimtoa, tunampa nani?" Kimya. Zanzibar tuna Sheria ya Mtoto ya 2011, inasema maslahi ya mtoto yaje kwanza, lakini mezani pale hakuna aliyeitaja. Ilibidi tuulizwe na mpishi.

Akapewa wiki mbili za kumuangalia. Hakumhubiria. Alimuuliza, "Mwanangu, inakushika saa ngapi?" Mtoto akajibu, "Baada ya isha, bibi. Wenzangu wakishalala." Mama yake alifariki usiku. Sisi wengine wote tulikuwa tumemuuliza nani kakupa.

Basi usiku tukawa naye jikoni, mimi na bibi, tunachambua mchele (ule wa star, ndiyo). Siku tatu za mwanzo ndizo ngumu, nikotini ikishatoka mwilini mtu anakuwa mkali, kichwa kinauma, usingizi hakuna. Arosto ndogo, lakini ni arosto. Alinitukana mara mbili. Bibi akampa ubani atafune, na karanga, na akamwambia atukane kwa sauti ya chini wenzake wamelala.

Usiku wa tano akaongea mwenyewe. Wenye kuberi bwenini walikuwa sita. Hawakuthubutu kusema, kwa sababu kile kilichompata yule wa bandarini kiliwafundisha kitu kimoja tu, kuficha vizuri. Na pakiti ya kwanza hakuinunua. Alipewa kama shukrani, kwa kutumwa dukani kumnunulia mtu mzima. Mtu mzima mwenyewe ni mlinzi wetu wa getini.

Kamati ilikaa tena. Safari hii ilikuwa fupi, na hakuna aliyetaja fimbo, sijui kwa nini.

Kijana yupo, anasoma. Kati ya wale sita, wawili bado wanavuta mguu, bibi anao jikoni. Mlinzi naye yupo. Siku hizi anakwenda dukani mwenyewe.